Vidonge vya Kukesha na Vyuo Vinavyovihitaji

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, kiliongeza kifungu katika kanuni zake za uaminifu wa kitaaluma. Tangu hapo, mwanafunzi anayetumia dawa ya cheti cha daktari bila kuandikiwa, kwa nia ya kujiongezea uwezo wa masomo, huhesabiwa kuwa amefanya udanganyifu. Kwa maneno mengine, amewekwa kundi moja na yule aliyeingia katika chumba cha mtihani na majibu ameyaficha soksini.

Ukikisoma kifungu hicho kwa haraka utakipigia makofi. Mimi nakiona kuwa ni hati ya kujivua lawama. Aliyeficha majibu soksini amechukua maarifa yasiyo yake akayauza kwa jina lake. Aliyemeza kidonge amechukua nini? Amechukua saa sita za usiku ambazo mwili wake ulikuwa umezitenga kwa ajili ya usingizi. Ikiwa saa sita hizo zinatosha kumpa alama ambazo muhula mzima haukumpa, basi swali la kwanza halimhusu mwanafunzi. Linauhusu mtihani. Ni mtihani wa namna gani huo, unaoweza kushindwa na mtu aliyesoma wiki kumi na tano na kushindwa huko kukaponywa na usiku mmoja wa macho makavu?

Tuzitambue kwanza dawa zenyewe, maana mjadala huu hupotea kila unapoanza kwa hofu. Adderall ni mchanganyiko wa chumvi za amfetamini, nayo iliidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 1996. Ritalin, yenye methilifenidati ndani yake, ni ya zamani zaidi. Ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 katika kampuni ya Ciba, na mkemia wake, Leandro Panizzon, akaipa jina la mkewe Rita. Zote mbili huandikiwa watu wenye hali ya upungufu wa umakini, ile ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD. Zote mbili zimo katika daraja la pili la dawa zinazodhibitiwa na sheria ya Marekani, daraja moja na oksikodoni na fentanili. Kijana anayempa mwenzake wa bwenini kidonge kimoja usiku wa kuamkia mtihani ametenda kosa la jinai. Hajui, au anajua na hajali, kwa sababu bwenini jambo hilo huonekana dogo kama kuazimana kikokotoo.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1937 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota waligundua kwamba dawa iliyokuwa ikijaribiwa na wanasaikolojia wa chuoni hapo, Benzedrine, iliwaondolea usingizi, wakaanza kuimeza wakati wa mitihani. Jarida la Time likaiandika habari hiyo mwaka huohuo. Miaka michache baadaye majeshi yaliyopigana katika Vita Kuu ya Pili yaliwagawia askari na marubani wao amfetamini ili wasisinzie. Nataja jambo la askari kwa makusudi. Jeshi lilijua lilichokuwa likikitafuta: mtu asiyelala, asiyechoka, asiyehoji saa. Jeshi halikudai kwamba vidonge vinamfanya rubani awe mwanafalsafa. Dai hilo la ajabu lilisubiri vyuo vikuu.

Sasa tuangalie idadi. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika vyuo 119 vya Marekani ulikuta kwamba asilimia 6.9 ya wanafunzi walikuwa wamewahi kutumia vichangamshi hivi bila kuandikiwa, na asilimia 4.1 walivitumia katika mwaka uliotangulia utafiti. Wastani huo peke yake haumnyimi mtu usingizi, kama utaniruhusu mzaha huo. Kilichonishtua ni tofauti ya chuo na chuo. Vipo vyuo ambavyo hapakupatikana hata mtumiaji mmoja katika mwaka huo, na vipo ambavyo mmoja kati ya kila wanafunzi wanne alitumia. Na kiwango kilikuwa cha juu zaidi katika vyuo vyenye masharti makali ya udahili.

Ingekuwa tatizo hili ni la malezi mabaya, au la vijana walioharibika kama wahubiri wetu wanavyopenda kusema, tungelitarajia kulikuta limesambaa bila kuchagua lango la chuo. Lakini linachagua. Linakwenda pale ambapo vijana hodari wamekusanywa, wamepangwa kwa alama, na kuambiwa kwamba wa kumi na moja amekosa nafasi ya kumi. Kidonge kinafuata ushindani kama nzi anavyofuata kidonda. Aliyemleta nzi ni nani, kama si kidonda?

Wapo wasomi ambao wangenicheka kwa kuita jambo hili kidonda. Desemba 2008 jarida la Nature lilichapisha makala ya kundi la wanasheria, wanasayansi na wanafalsafa, akiwamo Henry Greely wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliotetea matumizi ya dawa hizi kwa watu wazima wasio wagonjwa, mradi kuwe na uangalizi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Binadamu, walisema, amekuwa akijiongezea uwezo wa akili siku zote, kwa maandishi, kwa shule, kwa kompyuta, kwa lishe na usingizi mzuri. Kidonge ni hatua nyingine katika safari hiyohiyo. Mbona hatumkatazi mwanafunzi kahawa?

Hoja hii hainogi bila sharti moja, nalo ni kwamba dawa ziongeze uwezo kweli. Hapo ndipo utafiti wa miaka iliyofuata umewasaliti watetezi wake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapa vijana 46 wenye afya dawa ya aina ya Adderall siku moja, na siku nyingine kidonge kisicho na dawa ndani, kisha wakawapima kwa majaribio mengi ya kumbukumbu, ubunifu na akili. Kwa jumla matokeo yalikuwa hafifu mno kuthibitisha faida. Lakini vijana wenyewe, walipoulizwa, waliona kuwa siku ya dawa walifanya vizuri zaidi. Amfetamini ilikuwa imewaongezea imani juu ya kazi yao, na kazi ikabaki palepale. Nani kati yetu anayesahihisha mitihani hajakutana na kitabu cha majibu cha namna hiyo, kurasa kumi na mbili zilizojaa uhakika na hazina hoja?

Kisha mwaka 2023, katika jarida la Science Advances, ukatoka utafiti ninaouona kuwa umefunga mjadala. Watu 40 walipewa, kwa nyakati tofauti, methilifenidati, modafinili, deksamfetamini, au kidonge kitupu, kisha wakatatua fumbo la mkoba: una mkoba wenye kikomo cha uzito, una vitu vyenye thamani na uzito tofauti, chagua vya kutia ndani ili thamani iwe kubwa kabisa. Mama lishe anayepakia daladala bidhaa za sokoni hulitatua fumbo hili kila alfajiri. Waliomeza dawa walijitahidi zaidi. Walitumia muda mrefu zaidi, wakahamisha vitu mara nyingi zaidi, na mikoba yao ikawa na thamani ndogo zaidi. Juhudi ilipanda, ubora wa juhudi ukashuka. Na waliokuwa juu ya wastani walipomeza kidonge kitupu ndio walioelekea kuangukia chini ya wastani walipopewa dawa.

Juhudi nyingi zisizo na mpango. Mtu akiniuliza elimu ya juu inapambana na nini, nitamjibu kwa maneno hayo machache. Mwanafunzi anapokuja chuoni anajua tayari kujibidiisha, shule ya sekondari imemfunza hilo kwa fimbo na kwa maombi. Tunachodai kumfundisha ni kuchagua: lipi la kusoma na lipi la kuacha, swali lipi lina uzito na lipi ni kelele, lini aendelee na hoja na lini aitupe. Dawa inayomfanya mtu ahamishe vitu mkobani bila kuchoka na bila kuchagua vizuri inamwondolea kitu kilekile alichokuja kukitafuta.

Watetezi hupenda kumtaja Paul Erdős, mwanahisabati wa Hungaria aliyemeza amfetamini kwa miaka mingi huku akichapisha makala kuliko karibu mwanahisabati mwingine yeyote. Rafiki yake Ron Graham aliwekeana naye dau la dola 500 kwamba hawezi kuacha kwa mwezi mmoja. Erdős akaacha, akashinda dau, akalalamika kwamba hisabati imerudishwa nyuma mwezi mzima, kisha akarudia vidonge vyake. Kisa kinachekesha na husimuliwa kana kwamba ni ushahidi. Kinachoachwa ni kwamba Erdős alianza kuvitumia mwaka 1971, baada ya kifo cha mama yake, akiwa na umri wa miaka 58. Uthibitisho mpya wa nadharia ya Chebyshev uliompatia jina aliuchapisha mwaka 1932, na kazi yake juu ya namba tasa, ile iliyompatia tuzo ya Cole mwaka 1951, aliifanya kwa kahawa. Vidonge vilimkuta Erdős akiwa Erdős tayari.

Na alama je? Watafiti wa Maryland walifuatilia wanafunzi 898 wasio na ADHD na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Wale ambao hawakutumia vichangamshi waliongeza wastani wao wa alama kadiri miaka ilivyosonga. Waliotumia hawakuongeza. Tafiti za awali za watafiti haohao zilionesha kwamba watumiaji walikuwa wakikosa vipindi vingi zaidi. Kwa hiyo kidonge kilikuwa kinafidia mhadhara ulioachwa, na fidia yenyewe haikutosha deni.

Msomaji makini atasema nimejipinga. Nilianza kwa kuulaumu mtihani unaoshindwa na usiku mmoja wa kukesha, na sasa nathibitisha kwamba kukesha kwenyewe hakulipi. Hapana mgongano hapo. Mwanafunzi hamezi kidonge kwa sababu ya takwimu za Maryland. Anameza kwa sababu ana mitihani mitatu katika siku nne, makala mbili hazijaandikwa, na chuo kimemfundisha, kwa vitendo kuliko kwa kanuni, kwamba kinachohesabika ni wingi: kurasa, kozi, saa, nukta za GPA. Kidonge kinauza kile ambacho chuo kinaonekana kukinunua. Kwamba bidhaa ni bovu hakumwondolei lawama mnunuzi aliyetengeneza soko.

Soko hilo lina wafanyabiashara wake. Wakati wa janga la Uviko-19, Marekani ililegeza masharti ili madaktari waweze kuandika dawa hizi kwa mazungumzo ya mtandaoni bila kumwona mgonjwa ana kwa ana. Juni 2024 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilitangaza kuwakamata viongozi wa kampuni moja ya tiba ya mtandaoni, ikiwatuhumu kusambaza zaidi ya vidonge milioni 40 vya vichangamshi na kuingiza zaidi ya dola milioni 100. Wakati huohuo, tangu Oktoba 2022, mamlaka ya dawa ilikuwa imekwisha kutangaza uhaba wa Adderall nchini. Mgonjwa wa kweli, mtu mzima ambaye bila dawa hawezi kumaliza sentensi moja ya barua ya kazi, alikuwa akizunguka duka hadi duka akiambiwa hamna.

Hapa nataka nieleweke. ADHD ni hali halisi, na kwa mwenye nayo dawa hizi ni tiba halali kama miwani kwa mwenye uoni hafifu. Katika nchi zetu, ambako mtoto wa namna hiyo huitwa mtukutu na kuchapwa, tatizo letu kubwa bado ni wale wasiotambuliwa kabisa. Ninayemtetea kwanza katika makala hii ni huyo. Kila kidonge kinachogeuzwa kuwa chombo cha ushindani kinaongeza shaka juu ya mgonjwa anayekihitaji, na kumlazimisha aapie ugonjwa wake mbele ya mfamasia.

Kisha kuna wanaokufa. Mei 2022 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Ohio State walifariki dunia, na mamlaka za afya za jiji la Columbus zikatoa tahadhari kuhusu vidonge bandia vya Adderall vilivyokuwa na fentanili. Watetezi wa uhuru wa kuchagua wanapozungumzia watu wazima wanaojiamulia mambo yao, wanamfikiria profesa na daktari wake. Kijana asiye na bima nzuri, anayenunua kidonge kwa mtu asiyemjua kwa dola chache, hamo katika picha hiyo. Mwenye pesa huenda kwa daktari akarudi na cheti, na kifungu cha Duke hakimgusi. Asiye na pesa ndiye mdanganyifu, na akiwa na bahati mbaya zaidi ndiye marehemu.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ataniuliza: Adderall inatuhusu nini, nasi hata panadoli tunaihesabia shilingi? Inatuhusu kwa sababu tumekwisha kuagiza mazingira yanayoizaa, na badala ya kidonge tunazo mbadala za kienyeji. Mirungi, au miraa kwa ndugu zetu wa Kenya, ina kathinoni, ambayo kikemia ni ndugu wa amfetamini. Kenya ni zao halali, fahari ya wakulima wa Meru. Tanzania imepigwa marufuku kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Dereva wa lori la masafa marefu huitafuna ili asisinzie usukani, na sababu yake haina tofauti na ya yule kijana wa Duke. Mwanafunzi asiyeitafuna anacho kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu, kahawa juu ya kahawa, na wiki mbili za macho mekundu.

Tazama mfumo wenyewe. Katika vyuo vyetu vingi nchini Tanzania mtihani wa mwisho wa muhula hubeba alama 60 kati ya 100. Mwanafunzi anayetaka kuja kuwa mhadhiri anajua tangu mwaka wa kwanza kwamba chini ya GPA ya 3.8 hatafikiriwa hata kwa nafasi ya mhadhiri msaidizi wa ngazi ya mwanzo. Anayesomea mkopo anajua kwamba akidisco, kama wenyewe wanavyosema, anarudi kijijini na deni la Bodi ya Mikopo na bila cheti. Halafu mitihani yote ya muhula inabanwa ndani ya wiki mbili au tatu. Wanafunzi hukariri madesa yaleyale ya miaka mitano iliyopita, kwa sababu maswali nayo ni yaleyale. Katika mazingira hayo anayekesha na kukariri ana akili timamu kabisa. Amekisoma chuo chake vizuri kuliko kinavyojisoma chenyewe.

Najua majibu ya watawala, nimeyasikia katika vikao. Darasa lina watu 600, mhadhiri ni mmoja, mtihani wa mdomo hauwezekani, insha za kila wiki hazisahihishiki. Ni kweli. Lakini darasa la watu 600 halikushuka kutoka mbinguni kama mvua. Liliamuliwa na mtu aliyeongeza udahili na kutoidhinisha ajira, na mtu huyo ana ofisi, ana meza, na pengine anasoma ukurasa huu. Ndugu mtumishi wa wizara, kibali cha kuajiri unachokichelewesha ni sehemu ya habari hii ya vidonge kuliko unavyodhani.

Na yapo yasiyosubiri kibali. Uzito wa mtihani wa mwisho unaweza kupunguzwa bila shilingi moja kutoka Hazina. Mwanafunzi anaweza kuruhusiwa kuingia na kitabu katika chumba cha mtihani, ili aulizwe la kufikiri badala ya la kukumbuka. Swali la mwaka jana linaweza kuzikwa mwaka jana. Na usingizi unaweza kuheshimiwa kama sehemu ya kusoma, maana ni wakati wa usingizi ambapo ubongo hutuliza na kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana. Anayekesha anamwaga maji katika mtungi aliokwisha kuutoboa.

Wanafunzi wangu, serikali zenu za wanafunzi zimezoea kupigania mkopo unaochelewa na maji yanayokatika hosteli, na mna haki. Ongezeni jambo moja. Muhula ujao seneti za vyuo zitakaa kupitisha ratiba za mitihani, na katika seneti kuna wawakilishi wenu. Mwakilishi asimame aulize: kati ya mtihani mmoja na mwingine, mwanafunzi mwenye kozi sita ana usiku mingapi wa kulala? Idadi itajwe kwa tarakimu, kozi kwa kozi, na iandikwe katika muhtasari wa kikao kabla ratiba haijapigwa muhuri.